Barua ya Wazi: Barua za Askari wa Miguu Zinaozea Masandukuni

Kwa viongozi wenye dhamana ya ulinzi, ya nyaraka za Taifa na ya utamaduni, pamoja na viongozi wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

Yah: Barua na kumbukumbu za askari wa kawaida wa Vita vya Kagera

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, nikiwa nimefungua mbele yangu sanduku la bati la mama yangu. Ndani yake, chini ya khanga za sherehe na vyeti vya ubatizo, mna barua kumi na tisa ambazo baba alimwandikia kati ya Desemba 1978 na Agosti 1979, alipokuwa askari wa miguu katika Vita vya Kagera. Nne kati ya hizo zimeanza kuota ukungu, na moja imeliwa na mende kwenye mikunjo hata mistari mitatu haisomeki tena. Ninaomba jambo moja, na yote yatakayofuata ni kueleza kwa nini ninaliomba: kwamba barua za askari wa kawaida na za familia zao zitambuliwe kuwa sehemu ya nyaraka za nchi hii, zitafutwe vijijini zilimo, zinakiliwe, na nakala zake zihifadhiwe karibu na watu walioziandika, wakati ambapo baadhi yao wako hai na wanaweza kuulizwa walimaanisha nini.

Habari kuu za vita hivyo zinajulikana na sina haja ya kuzirudia kwa urefu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Mapema Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Januari 1979 majeshi yetu yaliichukua Mutukula, Februari yakaingia Masaka, Machi yakapigana Lukaya kwenye barabara inayokatiza kinamasi cha mafunjo, Aprili 11 yakaiteka Kampala, na mapema Juni yakafika mpaka wa Sudan. Makamanda tunawafahamu kwa majina, na wanastahili. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, alipofariki Oktoba 2024 akiwa amevuka miaka 100, sifa zake zilisomwa kila mahali. Kila Julai 25 tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, na walioanguka wamelazwa kwa heshima katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba. Kinachokosekana katika kumbukumbu yote hiyo ni siku ya kawaida ya mtu aliyekuwa akitembea.

Na vita hivyo vilitembewa. Magari hayakutosha, na sehemu kubwa ya jeshi ilikwenda kwa miguu. Kutoka Mutukula hadi Kampala kwa kupitia Masaka ni zaidi ya kilometa 200, na walizimaliza wakiwa na shanta mgongoni, bunduki, risasi na kifaa cha kuchimbia handaki, katika miezi ambayo mvua za masika zilikuwa zinaanza na kukolea. Baada ya Kampala kulikuwa na nchi nyingine nzima ya kutembea upande wa kaskazini. Jeshi la Ulinzi liliongezewa maelfu kwa maelfu ya mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza, na wengi wao siku chache kabla walikuwa mashambani.

Baba alikuwa mmoja wa mgambo hao. Alikuwa mkulima wa chai na migomba, aliyepata mafunzo yake kwenye uwanja wa shule ya msingi kwa kutumia bunduki ya mbao. Alipoitwa alipanda lori Tukuyu pamoja na vijana wa kata za jirani, wakapita Uyole, Makambako na Iringa, wakashuka Dodoma kupanda treni ya Reli ya Kati hadi Mwanza, na kutoka Mwanza meli ikawapeleka Bukoba. Barua ya kwanza aliiandika ndani ya treni, na ndani yake hamna neno hata moja la vita. Anauliza kama ng'ombe mweupe amezaa, kama malipo ya majani ya chai yametoka, na anajuta kubeba lile sweta zito kwa sababu joto la huko alikopita lilikuwa jambo asilolijua tangu azaliwe.

Barua zilizofuata zilikuwa na sharti, ambalo askari wote walilifahamu: usitaje mahali ulipo. Baba alilitii, lakini alipata njia yake ya kumwonyesha mama anasogea kiasi gani, akapima mwendo kwa barabara za nyumbani. Aliandika kwamba jana walitembea kama kutoka Tukuyu kwenda Kiwira, wakalala, na leo wametembea kama kutoka Kiwira kwenda Uyole, ila hakuna kilima wala baridi. Mama alijumlisha safari hizo kwa vidole, jioni akaenda nyumbani kwa mwalimu aliyekuwa na redio ya betri, akasikiliza habari za Radio Tanzania, na kwa kulinganisha hayo mawili akajua, kwa namna ambayo hakuna ramani ingeweza kumwonyesha vizuri zaidi, mume wake yuko wapi. Sijui ni wanawake wangapi wa Rungwe, Makete, Mufindi na Ludewa walifanya hesabu kama hiyo jikoni kwao. Ni jambo ambalo haliwezi kupatikana katika taarifa yoyote ya kamandi, na mimi ninaamini ni sehemu ya historia ya vita vile sawasawa na kuvuka kwa mto.

Naomba mniruhusu nieleze barua moja kwa karibu. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile yenye upande mmoja unaong'aa, na imekunjwa mara tatu ili ikae kwenye mfuko wa kifuani wa gwanda. Ina mistari tisa. Tarehe yake ni Machi 1979, na kutokana na alivyotusimulia baadaye ilikuwa ni siku chache baada ya Lukaya, ingawa jina la Lukaya halimo. Anasema buti hazijakauka kwa siku nne na ngozi ya nyayo imekuwa nyeupe na laini, inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Anasema usiku, panaporuhusiwa kuvua buti, anazishindilia majani makavu ya mgomba ili yanyonye maji, na kwamba wenzake wa kutoka Singida na Dodoma walimwona kama mtu mwenye akili nyingi, ilhali kwetu kila mtoto anajua kazi za jani la mgomba. Halafu anaomba atumiwe sindano ya kushonea, kwa sababu mkanda wa shanta umekatika na ule uliofungwa kwa kamba unamchubua bega. Hivyo tu. Mama alituma sindano mbili alizozichomeka kwenye kipande cha kadibodi, na barua ya Mei inasema imefika moja.

Chakula kina nafasi kubwa katika barua hizo kuliko risasi. Wenzake wa Iringa na Njombe walilia ugali, wakachoka na ndizi za Buganda kabla hawajafika nusu ya njia. Baba, Mnyakyusa aliyelelewa kwa mbalaga, yaani ndizi za kupika, alijiona yuko kwao, na kwa muda alikuwa mpishi wa sekisheni bila kuteuliwa na mtu. Anaandika jinsi wenyeji walivyowaletea mikungu barabarani na kuwaita wakombozi. Lakini anaandika pia, na hili lilimkaa moyoni mpaka uzeeni, kwamba katika vijiji vya mwanzo watu walijificha kila waliposikia Kiswahili, maana huko Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Amin, lugha waliyoizoea kuisikia mlango unapogongwa usiku. Anasema alimkuta bibi kizee amejificha kwenye migomba, akamwamkia shikamoo, na bibi yule akazidi kutetemeka. Kwa kijana aliyekua akiamini kwamba Kiswahili ndicho kilichomfanya Mnyakyusa na Mmakonde wawe ndugu, ilikuwa vigumu kulielewa. Ameliandika kwa ukurasa mzima, na ndiyo barua ndefu kuliko zote.

Sasa nifike kwenye sababu inayozifanya barua hizi ziwe nyaraka za aina ya pekee. Watu wa nyanda hizi za juu za kusini wametembezwa vitani mara nyingi kabla ya Kagera. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita na kurudi katika nchi hii, kutoka Tukuyu, iliyokuwa ikiitwa Neu Langenburg, hadi Njombe na Iringa; na ni kwa kupitia nyanda hizi ambapo msafara wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, uliteremka kuingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na kusalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, Novemba 25, 1918, ukiwa na askari na wapagazi wetu ndani yake. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa, kwa kuhara na kwa mizigo. Katika Vita vya Pili askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kutoka Tanganyika walipelekwa hadi Burma, wakatembea kwenye matope na mvua za mwaka 1944 mpaka mto Chindwin. Tunayoyajua kuhusu wote hao tumeyapata, kwa sehemu kubwa sana, kutoka kwa maofisa wa kizungu waliokuwa wakiwaamrisha. Askari aliyetaka kupeleka habari nyumbani mara nyingi ilimbidi amtafute wa kumwandikia, na nyumbani alihitajika mtu wa kumsomea mke. Mambo ya mume na mke yakapita mikononi mwa karani na mwinjilisti, yakafika yakiwa salamu tu.

Mwaka 1979 haikuwa hivyo tena. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Baada ya kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyotangazwa kwa nguvu mwaka 1970, hesabu za Serikali za mwaka 1977 zilionyesha kwamba wasiojua wamebaki asilimia 27. Mama yangu ni mmoja wa waliozibadilisha tarakimu hizo. Alisoma darasa la kisomo alasiri baada ya shamba, akiwa na mtoto mgongoni, na aliandika jina lake kwa mara ya kwanza akiwa mama wa watoto wawili. Kwa hiyo mgambo aliyelala kwenye handaki nje ya Masaka na mke wake aliyebaki Rungwe waliweza kuandikiana wenyewe, kwa Kiswahili, bila mtu wa tatu. Kwa idadi kubwa kiasi hicho, hilo halikuwahi kutokea katika vita vyovyote vilivyowahusu watu wetu. Nchi iliyotumia miaka kumi kuwafundisha wakulima wake kuandika haiwezi kusema kwamba walichokiandika, katika mwaka mgumu kuliko yote, hakiihusu.

Kuna upande mmoja ambao umeshapotea, na ninausema kwa uchungu. Barua za wanawake karibu zote hazipo. Askari anayetembea hawezi kubeba karatasi; zikilowa hutupwa, nyingine huwashiwa moto wa chai, na kuna waliozichoma kwa makusudi kabla ya mapigano ili zisianguke mikononi mwa adui. Kati ya barua zote ambazo mama alimwandikia baba, iliyorudi nyumbani ni moja, ikiwa imeshonewa ndani ya bitana ya shanta, nadhani kwa ile ile sindano. Imeandikwa kwa herufi kubwa kubwa kwenye ukurasa wa daftari la mistari, na inamweleza kwamba amejifungua salama mtoto wa kike na kwamba anangoja jina kutoka kwake. Mtoto huyo ni mimi. Jina alilolichagua baba, la Kinyakyusa, lenye maana ya kutumaini, lilifika Tukuyu katika sanduku la posta la kanisa mwishoni mwa Mei, likasomwa pamoja na majina ya waliopata barua baada ya ibada ya Jumapili. Na kwa kuwa bibi alikuwa ameshachoka kusubiri na kunipa la kwake, nimeishi na yote mawili.

Miaka sita iliyopita nilizichukua barua hizi na kwenda nazo kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu sina ugomvi na mtu na kwa sababu ninaamini jibu nililopewa lingeweza kutolewa na nyingine yoyote. Nilipokelewa vizuri. Afisa alizitazama juu juu, akazirudisha kwenye bahasha, akaniambia kwa upole kwamba hizi ni barua za familia na wao wanashughulika na nyaraka. Nilipouliza nizipeleke wapi, alinishauri nizitunze vizuri nyumbani. Waheshimiwa, Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Kuna miezi ambayo nguo zilizofuliwa hazikauki kwa wiki, chumvi hugeuka maji kwenye kopo, na kitabu kilichoachwa rafuni hujikunja jalada. Kuitunza karatasi nyumbani, katika nchi ya ukungu kama hii, ni kuchelewesha tu siku ya kuoza kwake.

Jirani yetu mmoja, mjane, alipatwa na kubwa zaidi. Alifika mtu aliyejitambulisha kuwa mtafiti, akasikiliza kwa heshima, akanywa chai, akaondoka na barua zote saba za marehemu pamoja na picha ya pekee aliyopigwa akiwa na kombania yake, kwa ahadi ya kuzitoa nakala na kuzirejesha ndani ya mwezi mmoja. Hakurudi, na namba aliyoiacha haipokelewi. Mama yule hana tena hata mwandiko wa mume wake wa kuwaonyesha wajukuu. Wanakijiji wengi wamejifunza kutokana na hilo kwamba ni afadhali kukataa, na ninawaelewa, ingawa kukataa kwao kunamaanisha kwamba hata anayekuja kwa nia njema atakuta mlango umefungwa.

Mlango mwingine umefungwa na hofu. Nimezungumza na wazee kadhaa waliokwenda vitani na baba. Watakwambia habari za mvua, za ndizi, za rafiki aliyeimba vizuri. Ukifika kwenye kikosi, njia au siku ya mapigano, wananyamaza na kusema kwamba hizo ni siri za jeshi na waliapa. Ni watu wanyoofu ambao wameshika kiapo kwa zaidi ya miaka 45, na sitaki mtu yeyote awashawishi wakivunje. Lakini hakuna aliyewahi kukaa nao na kuwaeleza ni kipi bado ni siri na kipi kimeshatajwa hadharani na makamanda wao wenyewe. Matokeo yake mzee anakufa na habari ya jinsi alivyovuka kinamasi usiku akiwa amemshika mwenzake mkanda wa nyuma, akidhani kwamba kuisimulia ni uhaini. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1979 sasa amevuka 70. Katika kijiji chetu waliondoka kumi na mmoja, wakarudi tisa, na leo tunao watatu, mmoja wao hasikii.

Kwa hiyo ninaomba, kwanza kabisa, tamko la maandishi kutoka kwa wenye mamlaka ya jeshi, kwa Kiswahili chepesi, lipelekwe kwenye ofisi za vijiji na kusomwa mikutanoni, likiwaeleza maveterani na wajane ni mambo gani wanaruhusiwa kusimulia na barua za aina gani wanaruhusiwa kuonyesha. Barua zilizopita chini ya sharti la kutotaja mahali haziwezi kuwa na siri nyingi, na bado ruhusa hiyo ikitoka kwenu itakuwa na uzito ambao maneno ya mtafiti au ya mtoto wa askari hayawezi kuwa nao. Bila hatua hii mengine yote yatakuwa bure, na haihitaji bajeti.

Baada ya hapo watumwe watu wawili au watatu wenye ujuzi wa nyaraka, wakiwa na mashine ya kunakili picha, kinasa sauti na barua ya utambulisho yenye muhuri, wazunguke wilaya kwa wilaya wakianzia Rungwe na Kyela, kisha Mbeya, Mbozi, Makete, Njombe, Ludewa, Mufindi na Iringa. Wazinakili barua mbele ya wenyewe, pale pale mezani, na karatasi zenyewe zibaki na familia, isipokuwa kwa wale watakaotaka kuzikabidhi kwa hiari na kupewa stakabadhi. Wasikilizwe wanawake kwa uzito ule ule wa wanaume, kwa sababu, kama nilivyoeleza, majibu yao yalipotea njiani na mahali pekee yanapobaki ni vichwani mwao. Mama anaweza kuzisema barua zake mwenyewe kwa kichwa mpaka leo, maana kwa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani kila sentensi ilikuwa kazi, na alizirudia mdomoni mara nyingi kabla hajaziweka kwenye karatasi.

Nakala zihifadhiwe mjini Mbeya au Iringa, mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari wa Mafinga au Tunduma anaweza kufika kwa nauli ya basi. Ninajua kwamba Taifa lina hifadhi yake na sheria yake ya kumbukumbu na nyaraka, Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, na sipingi seti moja ipelekwe huko. Lakini kijana wa huku, anayesoma Vita vya Kagera katika kitabu cha historia kama habari ya mkoa wa mbali, anahitaji kuona kwamba barua zilitoka huko kuja kwenye sanduku la posta la kanisa lake au la shule yake. Mafinga kila mwaka hupokea vijana wa JKT kutoka pembe zote za nchi, wakajifunza kwata na matembezi ya ukakamavu kwenye baridi ile. Ingefaa wasomewe barua moja ya mtu aliyeyatembea kweli, wajue kwamba katikati ya mwendo alikuwa anafikiria sindano na ng'ombe mweupe.

Naongeza neno moja kuhusu askari wa leo, kwa kuwa ni jambo lile lile. Vijana wetu wamekwenda kulinda amani Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Desemba 7, 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio kwenye kambi yao ya Semuliki, karibu na Beni. Hawaandiki tena barua za karatasi. Wanatuma ujumbe wa sauti kwa simu, nusu dakika, wakisema wamekula, wameamka salama, mtoto aende shule. Simu ikiharibika au ikiibwa, sauti hiyo imekwenda. Karatasi ya pakiti ya sigara imedumu zaidi ya miaka 45 ndani ya sanduku la bati, na nina shaka kubwa kama ujumbe hata mmoja wa wale waliokuwa Semuliki utadumu hivyo. Kabla kikosi hakijaondoka, familia ziambiwe, na zisaidiwe, kuyahifadhi mawasiliano hayo mahali pengine nje ya simu. Kama utaratibu utawekwa kwa ajili ya barua za Kagera, basi upanuliwe uwafikie na hawa, kwa ridhaa yao na kwa muda utakaoonekana ni salama.

Kwa upande wetu tuko tayari. Nimezipanga barua zote kumi na tisa kwa tarehe, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi kavu, na nimeandika kwa mwandiko wangu maneno ambayo baba alitueleza kuhusu kila moja kabla hajafariki mwaka 2011. Ile moja ya mama ninaiweka peke yake, kwa sababu wino wake unafifia. Wazee wawili kati ya watatu waliobaki wamekubali kuzungumza endapo tamko nililoliomba litatoka, na yule asiyesikia amesema ataandika. Mama yupo nyumbani kila siku isipokuwa siku ya soko, ufunguo wa sanduku ameufunga kwenye pindo la khanga yake, na ameniagiza niwaambie kwamba atakayekuja aje na miwani, kwa sababu baba alikuwa na mwandiko mdogo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa askari wa miguu,
Tukuyu, Rungwe